Mwanamke Aliyekuja Kituoni kwa Jambo Jingine

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya hapa Tanzania, na kila ninapomshauri mwanamke achunguzwe saratani ya mlango wa kizazi, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Sista, mimi siumwi, nipimwe nini?" Simlaumu anayeuliza hivyo, kwa kuwa sisi wahudumu tumewazoesha watu kuja kituoni mwili unapokwisha kuzidiwa. Ugonjwa huu, hata hivyo, una njia yake. Mabadiliko yake ya awali hayaumi wala hayatoi damu, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, ingawa kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, miaka 5 hadi 10 huweza kutosha. Damu ikianza kutoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusonga mbele.

Chanzo chake ni kirusi cha HPV, ambacho aina zake mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Karibu kila mtu anayefanya ngono hukipata wakati fulani wa maisha yake, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona wanawake wakiinamisha kichwa kwa aibu wanapoelezwa kwamba kirusi huambukizwa kwa ngono, ilhali mke asiyewahi kumjua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kuwa nacho. Kuanza ngono katika umri mdogo, wenza wengi, wawe wa kwake au wa mumewe, na uvutaji wa sigara huongeza hatari. VVU ndiyo inayozidisha zaidi: mwanamke anayeishi nayo yuko katika hatari mara 6 kuliko asiye nayo.

Ndiyo maana naamini kwamba uchunguzi huu haupaswi kungoja kampeni wala siku maalumu ya maadhimisho. Mama wa miaka 30 hadi 50 tunaye tayari: amekuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, amemleta mtoto kupimwa uzito, au amefuata dawa zake katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Nauli amekwisha kuilipa na kazi za shamba amekwisha kuziacha. Kumwambia arudi Alhamisi ni kumpoteza, ilhali kipimo chenyewe kinahitaji kitanda, mwanga mzuri, asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 na muuguzi aliyefundishwa. Asidi hiyo hupakwa kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Kipimo hiki kina upungufu wake, kwani kinategemea jicho la anayetazama, na baada ya hedhi kukoma sehemu inayotakiwa kuonekana hujirudisha ndani. Kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe ni bora zaidi, tena mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, jambo linalowafaa sana wanaoona haya. Lakini pale ambapo majibu husubiriwa kwa wiki kadhaa, lazima awepo mtu mwenye jukumu la kumtafuta mwenye majibu hayo.

Matibabu ya siku hiyo hiyo ndiyo yanayoupa uchunguzi maana. Zamani tulitegemea mitungi mizito ya gesi ya kugandisha sehemu yenye mabadiliko, na gesi ikiisha huduma ilisimama. Leo kipo kifaa kidogo cha kuiunguza sehemu hiyo kwa joto la nyuzi 100 hivi, kinachoweza kutumia betri na kufanya kazi kwa chini ya dakika moja, kwa hiyo hata zahanati isiyo na umeme wa uhakika ingeweza kuwa nacho. Wenye mabadiliko yaliyoingia ndani ya mlango wa kizazi, au wenye dalili za saratani yenyewe, hao ndio wa kupewa rufaa, na wengine hufikishwa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road au Hospitali ya Bugando.

Chanjo ya wasichana dhidi ya HPV, iliyoanza nchini kote mwaka 2018, itawalinda binti zetu. Mama zao wamebaki na uchunguzi.

Lipo jambo moja ambalo mafunzo yetu huligusa juu juu. Baada ya matibabu mwanamke hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na anatakiwa akae takribani mwezi mmoja bila tendo la ndoa. Wapo wanaokataa kutibiwa siku hiyo kwa kuwa hawajui watamwelezaje mume, na wengi wao hawarudi. Kwa hiyo mama akiridhia, mhudumu ampigie mume simu au amwite aje aelezwe, kabla matibabu hayajaanza, kwamba mkewe hajashikwa na umalaya wala hajafungwa kizazi, na kwamba baada ya mwaka mmoja atahitaji kurudi kuchunguzwa tena.