Nilivyowafanya wasomaji wabishane kuhusu furu

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni huu: "Waandike samaki kama watu, msomaji wa kawaida atakuelewa." Niliupata kwa mhariri, nikaupata kwa wenzangu wa maabara, na kila aliyeutoa aliutoa kwa uhakika kabisa. Mimi ni mwanabiolojia wa tabia za samaki, na huwaandikia watu wasio na haja ya kufungua jarida la kisayansi. Basi makala moja nikaiandika vile vile walivyotaka: furu mwenye wivu, furu mwenye kiburi, furu anayepanga njama. Ilipendwa kweli. Watu waliisoma kama wanavyosoma ngano ya sungura na fisi, wakacheka, wakapita. Hata mmoja hakuuliza: mmejuaje? Na mimi naandika kwa ajili ya swali hilo.

Iliyofuata niliijenga juu ya jaribio moja tu, lile la watafiti Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald lililotoka katika jarida la Nature mwaka 2007. Samaki wao ni furu wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni (jina la Kilatini litaje mara moja, kisha liache lipumzike). Dume mmoja anawekwa katikati ya tangi, na kumzunguka wako madume wengine watano, kila mmoja na sehemu yake. Kazi yake ni kutazama wakipigana wawili wawili. Mshindi alipangwa na watafiti, kwa kuwa dume anayeingizwa kwenye eneo la mwenzake hushindwa. Utamjua aliyeshindwa: anakimbia, na ule mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni unafifia.

Kwenye jarida madume hao wameitwa A mpaka E. Hapa ndipo nilipokaa sana, na hapa ndipo ninapojivunia. Herufi zinatoboa siri! Mtu akisoma B na D, alfabeti imeshamwambia nani yuko juu, wala hafikirii tena. Majina ya watu nayo yangenirudisha kwenye ngano. Nikawapa viungo vya samaki: Pezi, Mkia, Jicho, Gamba, Tumbo. Pezi kampiga Mkia, Mkia kampiga Jicho, Jicho kampiga Gamba, Gamba kampiga Tumbo.

Nikakata hapo hapo. Mkia na Gamba hawajapigana mbele ya mtazamaji wetu, na dume hupendelea kukaa karibu na mpinzani aliye dhaifu. Wakiwekwa kushoto na kulia, atamfuata yupi? Kuhesabu ushindi hakusaidii, kila mmoja kashinda mara moja na kushindwa mara moja. Jibu nililizika chini kabisa, baada ya maelezo marefu ya jinsi madume wanavyogombania maeneo kwenye maji ya kina kifupi. Aliyetaka kujua ilibidi apite huko.

Watazamaji walikaa zaidi upande wa Gamba. Wamepanga daraja zima kwa kutazama tu.

Mabishano yaliyofuata yalinifurahisha kupita kiasi. Msomaji mmoja alidai huenda Gamba alikuwa na umbo dogo. Hilo ndilo swali la mtafiti! Na jibu lipo: madume walilinganishwa kwa ukubwa. Ndiyo maana nasema usiyakate maelezo ya jaribio ili kuokoa nafasi, hata ukibanwa. Kata sifa, kata "ajabu" na "kushangaza".

Kuhusu hisia, mimi huandika kile samaki alichofanya: amesogea, amefungua mdomo, amebadili rangi. Wivu sijauona kwenye tangi lolote.

Baadaye nilitumia mbinu ile ile kwa mla magamba wa Tanganyika, Perissodus microlepis. Mdomo wake umepinda upande mmoja. Aliyepinda kulia hunyofoa magamba ubavu wa kushoto wa windo, na kinyume chake. Nikauliza tu: upande mmoja ukiwa na wengi mno, itakuwaje? Watu wasio na somo lolote la jenetiki walifika wenyewe: windo litalinda ubavu unaoshambuliwa sana, na wale wachache wa upande wa pili watashiba na kuzaana. Ndipo nikawapa kazi ya mtafiti Michio Hori, aliyeonyesha katika jarida la Science mwaka 1993 kwamba pande hizo mbili huyumba karibu na nusu kwa nusu.