Kipanga, Korongo na Kilele: manowari zilizokaa nchi kavu

Kwenye orodha za Jeshi la Majini la Uingereza za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuna majina matatu ambayo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: HMS Kipanga, HMS Korongo na HMS Kilele. HMS hutangulia jina la manowari, lakini hakuna hata moja kati ya hizi iliyowahi kugusa maji. Kipanga ilikuwa Mombasa, upande wa Port Reitz. Kilele ilikuwa Tanga. Korongo ilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani. Vyote vilikuwa vituo vya ndege. Sheria ya nidhamu ya wanamaji ilimhusu mtu aliyeandikwa kwenye daftari la meli, kwa hiyo kambi ya nchi kavu nayo ilisajiliwa kama meli. Vituo vya ndege vilipewa mara nyingi majina ya ndege wenye manyoya, kama vile Heron na Condor kule Uingereza. Huku kwetu wakachukua kipanga na korongo, na sidhani kama walipata uteuzi mzuri zaidi ya huo. Kilele peke yake ndilo lisilo jina la ndege.

Vituo hivi vilitokana na kipigo. Aprili 5, 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), na siku hiyohiyo zikazamisha meli za kivita Cornwall na Dorsetshire. Aprili 9 ikawa zamu ya Trincomalee, bandari nyingine ya kisiwa hicho, na Hermes, manowari ya kubeba ndege, ikazamishwa ikiwa haina ndege hata moja juu yake. Kundi la manowari la Admirali James Somerville likarudi nyuma hadi Kilindini.

Kilindini ni bandari nzuri, yenye kina na kinga. Kwa manowari ya kubeba ndege, kinga hiyohiyo ndiyo kero. Ndege hupaa kutoka sitahani kwa sababu meli yenyewe inakimbia kuelekea upepo unakotoka. Illustrious, mojawapo ya manowari za kubeba ndege, ilikuwa na urefu wa takriban mita 225 na iliweza kwenda kilomita 55 kwa saa, na mwendo huo wote ulikuwa kama upepo wa bure chini ya mabawa. Ikitia nanga, upepo huo haupo. Ndege zilizobaki ndani zimefungiwa, na marubani wanapoteza mazoea. Kwa hiyo ndege zilirushwa kwenda nchi kavu meli ikiwa bado baharini, na kule zilihitaji kiwanja, petroli, mafundi na mahali pa kulala watu.

Mojawapo ya viwanja hivyo kilikuwa Mackinnon Road, kwenye nyika ya Taru, kituo cha reli kilomita zipatazo 90 kutoka Mombasa. Ardhi ni tambarare, mvua ni chache kuliko pwani, na treni inapita hapohapo. Ubaya wake ni ukavu wenyewe: maji ya kunywa ni shida, na vumbi jekundu halina mwisho.

Vumbi linaua injini kimyakimya. Likipita kwenye tundu la kuvutia hewa linachanganyika na oili na kuwa kama msasa, linakwangua silinda na ringi, kisha injini inaanza kula oili na kupoteza nguvu. Dawa ni chujio la hewa la nchi za joto, ambalo nalo linapunguza kasi kidogo, na kusafisha kila mara. Ndege zisipashe injini zikiwa zimepangana mstari mmoja, kwa kuwa ya mbele inailisha vumbi ya nyuma.

Petroli ilikuwa kazi ya mikono. Swordfish, ndege ya wanamaji ya kurusha torpedo, ilibeba takriban lita 760, yaani madebe 42 kwa ndege moja, ikiwa ni yale madebe ya galoni nne. Pipa likisimamishwa wima, mvua na umande hutuama juu ya kifuniko. Usiku hewa ya ndani inapopoa na kusinyaa, maji yananyonywa ndani. Pipa hulazwa ubavu, vifuniko vyote viwili vikiwa usawa mmoja chini ya petroli. Wakati wa kujaza, petroli hupitishwa kwenye faneli yenye ngozi laini: petroli inapita, maji yanabaki juu. Faneli lazima iguse chuma cha tangi, kwani kwenye hewa kavu cheche moja ya umeme tuli inatosha kuteketeza kila kitu.

Kazi ya Nairobi ilikuwa ukarabati, na hapo naona akili ya hali ya juu. Swordfish ilivikwa kitambaa kilichopakwa rangi maalumu ya kukikaza. Ukiipaka rangi hiyo kwenye unyevu wa pwani wakati wa masika, kiyeyushi kinapokauka kinapoza uso wa kitambaa, mvuke wa hewani unageuka maji juu yake, na rangi inageuka nyeupe na kuwa dhaifu. Inabidi kubandua na kuanza upya. Hewa ya bara ni kavu na ya baridi zaidi.

Lakini bara ina gharama yake. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari, na kwenye joto la nyuzi 25 hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Ndege lazima ikimbie ardhini kwa kasi kubwa zaidi, kama asilimia 12, kabla bawa halijaweza kuibeba, na hilo pekee linarefusha mbio kwa zaidi ya robo. Tanga kwenye nyuzi 32 upungufu ni kama asilimia 6 tu. Rubani aliyezoea pwani akivuta usukani mapema Nairobi, ndege inainuka kidogo kisha inadondoka.

Baadaye kundi kubwa la manowari lilirudi Ceylon. Port Reitz ikaendelea, na leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Mackinnon Road ilianza kujengwa upya mwaka 1947 kuwa bohari kubwa ya jeshi, ikaachwa kabla ya kukamilika, na mwaka 1954 ikawa kambi ya kuwafungia Wakenya walioshukiwa kuwa Mau Mau.