Siku moja maishani mwangu: kaunta Kariakoo, darasa kwenye simu

Saa 10:40 alfajiri. Kimara bado giza, lakini mtandao unakimbia, na bando langu la usiku linakata saa 12:00. Nashusha muhtasari wa mhadhara na makala mbili, kisha naingia bafuni. Nasoma shahada ya ualimu kwa masafa. Mchana nauza kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Wenzangu wa kozi wako Newala, Kasulu, Mbulu, na wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Tunapokutana ni kwenye jukwaa la majadiliano la kozi, basi.

Swali la Daktari, mhadhiri wetu, wiki hii: Azimio la Musoma lilimfikiaje mtoto wa wilayani kwenu? Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua kwamba ikifika Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe na nafasi darasani, wakati mpango wa awali ulikuwa 1989. Hayo sote tunayakariri. Ila Daktari ameweka sharti: kila mmoja alete jambo alilolisikia kwa mtu wake, si la kitabuni. Muhula uliopita jukwaa lilijaa majibu yaliyotungwa na akili mnemba. Aya zimenyooka, hoja zilezile, na hakuna aliyebisha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Sharti hili limeturudishia darasa letu.

Saa 12:20, ndani ya basi la mwendokasi. Nimesimama, mkono mmoja juu, mwingine unaandika. Naandikia kwenye daftari la simu kwanza, nikimaliza ndipo nanakili na kubandika. Mwanafunzi yeyote wa masafa namsihi afanye hivyo, maana mfumo ukikutoa katikati ya sentensi, jibu la saa nzima linaweza kwenda na maji. Nimeeleza habari za mama yangu mkubwa, aliyeanza darasa la kwanza Kilwa akiwa na miaka kumi, dawati moja na mdogo wake wa miaka saba. Nimebonyeza "tuma" tukiwa Magomeni.

Sasa nasubiri. Daktari ameuchagulia mjadala huu mtindo wa swali na jibu, ambao kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, haukuonyeshi majibu ya wenzio mpaka na wewe utume lako, na hata ukishatuma kuna dakika 30 za kuhariri ambazo lazima ziishe kwanza. Naupenda sana mtindo huu. Bila hivyo, wa kwanza akishasema, wanaofuata wanayazungusha maneno yake. Hapa kila mtu anaingia na chake, hata yule ambaye kwenye ukumbi wa mihadhara asingenyoosha mkono milele.

Saa 1:30 asubuhi. Nimefungua duka, nimepanga soketi na swichi kwenye kaunta, majibu yamefunguka. La Kasulu ni zuri: shule iliyojengwa na wazazi wenyewe kwa matofali ya kuchoma. La Newala limenichoma. Mwenzetu ameandika, kwa ukali, kwamba walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliotokana na Azimio, ndio waliotuharibia elimu, vijana wa darasa la saba wanawafundisha watoto wa darasa la kwanza, ungetarajia nini. Chini yake tayari wameandika wanne: "Nakubaliana nawe, umechambua vizuri." Hayo maneno manne huwa yananiuma kuliko matusi. Mtu ametoka jasho kutoa hoja, anastahili aulizwe swali. Anastahili aambiwe ni sentensi ipi imekugusa na ipi umeikataa.

Nilitaka kumjibu palepale. Nikajizuia, kwa kuwa nilikuwa na hasira tu, sikuwa na cha kumwambia.

Saa 2 hadi saa 6 ni wateja. "Dada, waya wa milimita moja na nusu upo?" Upo, lakini kama ni wa soketi chukua mbili na nusu, huo mwembamba ni wa taa. Mchana mama lishe analeta wali maharage.

Saa 7:15. Kibaraza cha pili kuna mzee fundi cherehani ambaye miaka ile alikuwa mwalimu wa UPE, mkoani Lindi. Nimemfuata na kigoda changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo hujaleta nguo?"

Nimemsomea alichoandika mwenzetu, neno kwa neno. Hakukasirika. Amesimamisha cherehani, akasema kijana hajakosea kwamba wao walikuwa wa darasa la saba. Ila asubuhi alifundisha, na mchana aliketi kwa mwalimu mkuu na wenzake kusomea ualimu wenyewe, miaka mitatu, hadi mtihani. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo kundi moja la watoto lilitoka jingine likaingia. Kisha akachukua kipande cha chaki ya kuchorea kitambaa, akakivunja mara mbili mbele yangu na kuvipanga vile vipande vitatu juu ya meza ya cherehani. "Hiki Jumatatu na Jumanne. Hiki Jumatano na Alhamisi. Hiki Ijumaa." Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika bila kumtaja jina. Akasema niandike, na niongeze kwamba watoto wake wa kwanza walijua kusoma.

Saa 12:40 jioni. Foleni ya kituo cha mwendokasi cha Gerezani ni ndefu, nayo leo inanifaa. Sijamjibu Newala pale juu kwenye swali la Daktari. Nimembonyezea jibu chini ya posti yake hasa, nikanukuu sentensi yake moja, ile ya "ungetarajia nini", ili anayesoma ajue nagusa wapi. Nimeanza na alipo sahihi: mafunzo yalikuwa ya haraka, na Azimio liliongeza watoto haraka kuliko vyumba na vitabu. Halafu nikaleta chaki. Halafu swali: kama wasingechukuliwa vijana wale, watoto wa Newala wa 1977 wangefundishwa na nani? Kichwa cha posti sikuacha kile kinachojiandika chenyewe. Nimeweka "Chaki moja, wiki nzima", mtu ajue anafungua nini.

Saa 3:30 usiku, nyumbani. Nimekula, nimepiga pasi. Mjadala unafungwa saa 5:59 na kiongozi wa darasa anawakumbusha waliobaki. Newala amejibu. Amesema bado anaamini haraka ile ilikuwa na gharama, na ametaja hesabu: darasani kwao walifika la nne bila kujua kugawanya. Ila amekiri kwamba hakuwahi kufikiria mwalimu alikuwa anasoma mchana. Mmoja wa wale wanne wa "nakubaliana nawe" amerudi na aya ndefu kuhusu bibi yake. Daktari ameingia kwa mstari mmoja: "Endeleeni, sifungi saa 5:59, nawaongezea hadi Jumapili."

Na Newala ana swali kwa mzee: daftari je, walizipata wapi? Kesho nikishafungua duka nitampelekea, na suruali yangu ya kupunguzwa.