Daftari la gharama za mama

Leo nimekaa na daftari ambalo mdogo wangu anaandikia gharama za mama tangu alipopata kiharusi. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nauli Korogwe hadi Tanga, watu wawili. Bajaji kutoka stendi. Kipimo cha damu. Uji. Nauli ya kurudi. Dawa yenyewe, warfarini ya kuzuia damu isigande, ndiyo mstari wenye pesa ndogo karibu kila ukurasa.

Mama alikuwa akituambia moyo unamruka kama kuku aliyefungwa miguu. Tukasema ni uchovu. Kliniki ya presha alihudhuria miaka mingi: anafungwa mashine mkononi, namba inaandikwa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemshika kifundo cha mkono kwa vidole, dakika moja tu, akasikiliza kama mapigo yanafuatana. Hilo linaniuma mpaka leo, maana vidole havinunuliwi.

Madaktari wanaiita fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo na kuganda, na donge likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo. Mwenye hali hii ana hatari ya kiharusi takribani mara 5 kuliko asiye nayo. Mwaka 2019 walikadiriwa kuwa watu karibu milioni 60 duniani.

Warfarini hupunguza hatari hiyo kwa kama theluthi mbili, ila ni dawa ya kuvizia. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Namba ya kipimo cha damu cha mama, inayoonyesha damu inavyoganda, inatakiwa ibaki kati ya 2 na 3, na mchicha, kisamvu na matembele vinaiyumbisha akila vingi wiki hii na vichache wiki ijayo. Mvua zikinyesha, kwetu mboga ni matembele asubuhi na jioni. Kwa hiyo safari za Tanga haziishi. Zipo dawa mpya zisizotaka kupimwa damu kila mara, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Tuliuliza bei dukani, tukarudi na warfarini yetu.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kile ambacho daftari halina. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Kila Januari alikuwa akishona sare za shule mpaka usiku wa manane, na binti wa jirani akijifunza pembeni yake. Sasa cherehani imefunikwa kanga. Mama anahitaji wa kumgeuza, kumlisha, kumshika anapokwenda msalani. Yule binti ameondoka kutafuta fundi mwingine. Mama mwenyewe alikuwa na meza ya machungwa sokoni. Meza ile ina mwenyewe mwingine. Tukizungumzia mzigo wa ugonjwa kwa nchi, tunataja vitanda na dawa. Nani anaihesabu cherehani ya mdogo wangu?

Nikamuuliza kwa nini hakuandika na hasara yake.

“Kaka, ningeandika shilingi ngapi?”

Akainuka, saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika. Nikachukua kalamu, chini ya nauli ya juzi nikaandika: Januari, sare. Upande wa pesa nimeuacha wazi.