Diotrefe na Taa ya Nyuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili lote mstari mmoja wa Mtume Yohana umekataa kuniachia: "Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza katika hao, hatukubali," yaani yeye hakumkubali Yohana na wenzake. Hatuambiwi kwamba aliiba wala kwamba alifundisha uzushi. Tunaambiwa alipenda kuwa wa kwanza, na upendo huo peke yake ukamfikisha mahali pa kuwatoa ndugu kanisani.

Ninyi mnaohudumu kwenye kamera mnaijua filamu ya Marekani iitwayo The Big Combo, ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Joseph H. Lewis. Ni kazi ya bajeti ndogo, rangi nyeusi na nyeupe, chini ya dakika 90. Miaka michache kabla yake, 1950 na 1951, kamati ya Seneta Estes Kefauver ilikuwa imewahoji wakuu wa magenge mbele ya televisheni, na Wamarekani wakaona majambazi waliovaa suti kama mameneja wa benki. Bosi wa filamu hii ni mtu wa namna hiyo. Anaitwa Bwana Brown, basi. Imani yake yote iko kwenye sentensi moja: wa kwanza ni wa kwanza, wa pili si mtu.

Diotrefe angeitikia amina.

Aliyepiga picha ni John Alton, mzaliwa wa Hungaria, fundi wa giza kuliko wote wa kizazi chake. Tukio la mwisho liko uwanja wa ndege usiku, Brown anasubiri ndege ya kumtorosha. Hakuna uwanja wa kuonyesha. Kuna banda, ukungu, na taa kali inayowaka nyuma ya waigizaji ikielekea kwenye kamera. Wanaojifunza waangalie hapo. Ukungu au moshi ukiumulika kutoka upande wa kamera unarudisha mwanga kwenye lenzi na picha yote inapauka kama shuka. Ukiumulika kutoka nyuma, moshi unawaka, na mtu aliyesimama mbele yake anakatika mweusi tii. Kosa la wanaoanza ni kuona sura imeingia giza, wakaongeza taa ya mbele. Papo hapo mshono wa plaiwudi unajitokeza, ukuta uliopakwa rangi jana unajitokeza, na pesa ambayo hamkuwa nayo inaonekana kwa kila mtu.

Kumbukeni pia hesabu ya umbali. Mwanga wa taa ya kawaida hupungua upesi: umbali ukiwa mara mbili, kinachofika ni robo. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni pa mtu, na ukuta uko mita 4 kutoka kwenye taa, ukuta unapata sehemu 1 tu ya 16 ya mwanga alioupata yeye. Kwa hiyo sogeza taa kwa mtu, msogeze mtu mbali na ukuta, na ukuta utakufa wenyewe bila gharama. Pima mwanga penye kung'aa. Ukifungua lenzi iingize mwanga zaidi ili kuokoa kivuli, weusi unageuka kijivu na kazi imeharibika.

Giza, basi, linaficha ufukara wa seti. Kwa mpiga picha hiyo ni akili nzuri, na Mungu awabariki mnaoitumia. Kwa moyo wa mtu ni habari nyingine kabisa, maana ufalme wa Brown nao unasimama kwa sababu hakuna aliyewasha taa. "Kila mtu atendaye mabaya huichukia nuru, wala haji kwenye nuru, matendo yake yasije yakakemewa."

Sasa niseme lililonikaba.

Chini ya Brown yuko Joe McClure, aliyekuwa na cheo kabla yake, akapitwa, sasa ni msaidizi. McClure hasikii vizuri. Ana mashine ya sikio yenye waya. Mapema kwenye filamu mashine hiyo inachomekwa kwenye sikio la mpelelezi Diamond, wanaelekeza redio kwenye kipaza chake, wanafungulia sauti mpaka mtu anapinda kwa maumivu. Baadaye McClure amechoka kuwa wa pili. Anawashawishi wauaji wa Brown, Fante na Mingo, wamgeukie bosi. Nao wanamgeukia McClure. Brown anamkaribia na kumwambia atamfanyia hisani: hatazisikia risasi. Anaichomoa ile mashine sikioni. Sauti ya filamu yote inakatika. Tunaona midomo ya bunduki ikiwaka kimya kimya, nasi tumesimama ndani ya sikio la mtu anayekufa. Kuizima sauti hakukugharimu kitu, na hakuna mlipuko wa mamilioni unaoumiza kama kimya kile.

Wapendwa, kifaa ni kilekile. Anayechukiwa anapigiwa kelele nacho, asiyehitajika tena ananyang'anywa. Na mimi nasema kwa uchungu: tunayo haya makanisani kwetu. Mwenyekiti anayempigia ndugu kelele kikaoni mbele ya watoto wake. Kiongozi wa kwaya anayemtoa dada kwenye kundi la simu saa nne usiku, bila neno, asubuhi akauliza mbona fulani hajafika mazoezini. Mzee anayepanga kikao siku ambayo anajua mwenzake yuko safarini. Mnachomoa masikio ya watu! Kisha mnasimama madhabahuni kuomba umoja. Bwana alisema, "Mtu atakaye kuwa wa kwanza atakuwa wa mwisho wa wote, na mtumishi wa wote." Hakusema awe wa mwisho kwa maneno ya unyenyekevu kwenye kipaza sauti.

Msiniambie ni mambo madogo. Fante na Mingo walikuwa waaminifu kwa Brown kuliko wote. Walipokuwa mafichoni aliwaletea boksi, wakajua ni pesa. Ndani mlikuwa na baruti. Mtu anayependa kuwa wa kwanza hana rafiki, ana zamu tu ya nani afuatie. Wewe unayefurahi leo kwa kuwa mwenzako ndiye aliyetolewa, umeshika boksi lako mkononi.

Na nuru ipo kwa namna za kawaida kabisa. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, kabla mtu hajatoka chumbani. Noti kwanza, sarafu baadaye, mara mbili. Jumla iandikwe kwa wino kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi. Inapoharibika, karibu kila mara ni kwa sababu mmoja alisema "nitamalizia nyumbani". Muhtasari wa kikao usomwe mbele ya wote, na aliyepinga aandikwe kwamba alipinga.

Mle bandani, mwanamke ambaye Brown alimweka kama pambo lake, Susan, ndiye anayeishika taa ya gari na kumgeuzia. Brown anakimbia huku, mwanga unamfuata. Anakimbia kule, unamfuata. Bosi wa jiji zima anatapatapa mbele ya taa moja ya gari, mikononi mwa mtu aliyedhani hana neno. Anakamatwa akiwa hai.

Ndugu yangu, yuko mtu uliyemchomoa sikio mwaka huu. Jina lake umelikumbuka tangu aya ya McClure. Mpigie kabla ya Jumapili, na akianza kusema, usimkatize.