Kipindi cha Nyakati, Kidato cha Kwanza

Mwaka 2009 nilipangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza walikuwa wamesoma kwa Kiswahili muda wote wa shule ya msingi, na sasa karibu kila somo lilikuwa kwa Kiingereza.

Katika zoezi la kujaza nafasi niliandika ubaoni "Be quiet, the baby ___ (sleep)", nikitarajia "is sleeping". Madaftari yalipokuja, karibu darasa zima lilikuwa limeandika "has slept". Mwalimu mwenyeji alisema hawa hawasomi. Sikukubaliana naye, kwa kuwa makosa ya uvivu hutawanyika, ilhali haya yalifanana kama sare zao. Walikuwa wamefuata sarufi, ila ya Kiswahili: mtoto amelala, na -me- hiyo hubeba tendo lililotimia pamoja na hali iliyobaki baada yake, mambo ambayo Kiingereza huyatenga. Anayesikia "has slept" huelewa kwamba usingizi umekwisha, na kelele ni ruksa.

Kesho yake nilimsimamisha kijana mmoja mlangoni, nikawauliza wenzake wanamwonaje. "Amesimama, Mwalimu." Nikamwambia akae. "Amekaa." Nikamtuma dirishani, wakasema anatembea. Nikaandika ubaoni "is standing", "is sitting", "is walking", nikawaeleza kwamba kwenye kutembea lugha hizi mbili hazina ugomvi, bali kwenye kusimama, kukaa na kulala wajiulize kwanza kama hali yenyewe bado ipo wakati wa kusema.

Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa nini basi hatusemi "I am knowing", wakati kujua nako bado kupo. Nilimjibu kwamba kujua, kupenda na kuamini ni hali, si matendo, ndiyo maana Kiingereza huviweka katika wakati uliopo wa kawaida. Akasema kulala nako ni hali, na kwa kweli alikuwa na hoja. Tulibishana mpaka kengele ikalia.

Msimamizi kutoka chuoni, aliyekuwa amekaa nyuma kipindi chote, alinipunguzia alama kwa kutumia Kiswahili kupita kiasi katika somo la Kiingereza. Kuhusu swali la yule binti hakuandika chochote.