Mashindano yetu ya picha za matembezi Tanga: tulipofika

Haya wadau, mradi unasogea. Picha zimeanza kumiminika, na ukumbi wa kuzionyesha tumeahidiwa darasa moja la shule hapa mtaani wakati wa likizo, kuta ndefu na madirisha pande zote mbili, kwa hiyo hata umeme ukikatika watu wataona picha vizuri tu.

Kwa mlioingia kwenye grupu juzijuzi: haya ni mashindano ya mtaa ya picha za asili, hakuna kiingilio, simu ruksa, kamera ruksa, sharti kubwa ni kwamba picha iwe ya mahali ulipofika kwa miguu. Daladala ikufikishe Pongwe au Amboni sawa, ila ukishashuka hapo ni wewe na njia. Kuna waliosema tulegeze, watu waruhusiwe kupita na boda na kupiga, mimi kwenye hili silegezi. Aliye juu ya boda anaiona barabara, anayetembea ndo anawaona siafu wanaokatiza njia, kinyonga kwenye kijiti, nyayo za kenge kwenye tope la mikoko. Hizo ndo picha tunazozitaka.

Matembezi ya Kiomoni yametupa mali nyingi. Wengi wakifika Amboni wanakimbilia mapangoni, sawa mapango ni mazuri, lakini sisi tulishika njia ya kando ya mto Mkulumuzi, na huko kwenye jiwe la chokaa, upande usiopigwa na jua, tukayakuta yale maua madogo ya zambarau ya kwetu, Saintpaulia. Nilipiga magoti kabisa. Jani lake lina vinyweleo laini vimeshika matone, ua petali tano, na katikati vijipande viwili vya njano vinang'aa ukisogeza simu karibu. Hili ua liko madirishani kwa watu dunia nzima, na jina hilo lilipewa mwaka 1893 kwa ajili ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Mjerumani aliyekuwa huku Tanga na ndiye aliyelituma kwao. Halafu mtoto wa Chumbageni, hapa hapa Tanga mjini, hajawahi kuliona likiwa porini! Hii inaniuma kweli, na ndo sababu mojawapo ya kuanzisha mradi huu.

Kwa hiyo tumeongeza sharti: zima lokesheni kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga maua ya aina hii, na kwenye maelezo usiandike mahali penyewe, andika tu "bonde la Mkulumuzi" inatosha. Ua likijulikana lilipo litang'olewa. Na usichume, usikwangue jiwe, kinyonga usimhamishe ili akae kwenye mwanga mzuri, msubiri au muache. Picha ikionekana imepangwa hivyo tunaiondoa.

Kuhusu mwanga, maana wengi mmeuliza. Tokeni alfajiri. Ikishagonga saa nne chokaa inakuwa nyeupe pee na kivuli cheusi tii, simu inashindwa kuchukua vyote viwili. Dawa yake gusa skrini pale penye mwanga mkali halafu shusha kale kajua kanakotokea pembeni, picha itaonekana yenye giza kidogo lakini rangi zote zimo, utaipandisha mwanga baadaye. Fleshi kwenye maua hapana.

Ubishi mwingine ulikuwa wa mkonge, kwamba shamba siyo asili. Mkonge kweli uliletwa, 1893 na Richard Hindorf, miche elfu moja kutoka Florida na iliyofika hai ni 62. Lakini sasa mimi nimekulia Tanga, ukinitolea mkonge kwenye mandhari ya huku umenitolea nusu ya macho yangu. Kule Pongwe tulimkuta mzee mmoja aliyewahi kukata mkonge, tukamuamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba wanangu," akatuonyesha mlingoti mmoja mrefu umejaa vimiche juu. "Huu ukishatoa mlingoti ndo basi, unakufa. Lakini ona watoto aliowaacha." Dada mmoja kwenye kundi akapiga vile vimiche kwa chini kabisa, mawingu nyuma, na kwa macho yangu mpaka sasa hiyo ndo picha inayoongoza, japo mimi si jaji. Mkonge unaingia, nimeshaamua.

Sasa tatizo linalotuumiza ni utumaji. Watsapu inabana picha, ukituma kawaida inafika kadogo, na sisi tunaprinti A4, ili itoke safi inatakiwa kama pikseli 2480 kwa 3508. Tuma kama dokumenti, tafadhali sana, ziko picha nzuri mno ambazo hazitaprintika na roho inauma kuziacha. Waliokwisha kutuma nitawafuata mmoja mmoja inboksi.

Majaji wataziona bila majina, namba tu. Watoto wana kundi lao, na wao wanaruhusiwa kutumia simu ya mzazi.

Jumamosi tunashuka mikokoni, maji yakiwa yametoka. Kandambili zitabaki kwenye tope, vaa raba za kufunga kamba, njoo na maji ya kunywa na chaji imejaa, na mwenye mfuko wa plastiki wa kufunikia simu aje nao wa ziada.